Bora Atangaze

Taja "hali ya hatari" pale steji ya Turbo uone wazee wanavyonyamaza. Walisimuliwa ya 20 Oktoba 1952, Gavana Baring alipoitangaza, ikadumu hadi 1960. Kule Kaskazini ilianza 1963, ikaondolewa 1991. Tena hapa Sugoi, kwao Rais, ni hapo tu. Maneno mengine watu humeza.

Mimi nasema bora atangaze.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza na sijidai wakili, lakini Kifungu cha 58 cha Katiba ni kifupi, someni. Rais akitangaza hali ya hatari, tangazo linakufa baada ya siku 14. Akitaka kuongeza, anahitaji thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, yaani kura 233, na hapati zaidi ya miezi miwili. Akirudi tena, robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kulifuta. Ni mlango wenye kufuli kila mahali, ndiyo maana tangu 2010 hakuna Rais aliyeugusa. Wanapitia dirishani.

Machi 27, 2020, kafyu ilianza. Haikuja kwa Kifungu cha 58. Ilikuja kwa sheria ya mkoloni ya 1950 kuhusu utulivu wa umma. Mama alikuwa akiuzia madereva wa malori ya Malaba chai na mandazi usiku. Jioni ya kwanza alimwaga chai akakimbia na sufuria ikiwa bado moto. Siku 14? Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, miezi kumi na minane na ushee. (Ndiyo, tarehe ileile ya Baring. Hata kalenda ina mzaha.)

Halafu Juni 25, 2024, sehemu ya Bunge ikiwaka, Waziri wa Ulinzi akaita jeshi kupitia Gazeti Rasmi, akitaja dharura ya usalama. Dharura imo, Kifungu cha 58 hakimo! Wabunge wakaidhinisha kesho yake. Ikabidi Mahakama Kuu ndiyo iitake serikali ieleze wanajeshi watafanya nini, na hadi lini.

Mama aliponisikia nikibishana haya kwa simu akaniuliza, "Kwa hivyo wewe unataka watufungie tena?"

Hapana, Mama. Nataka anayetufungia akatafute kwanza kura 233.