Neno la Mwezi: “Exploit”, Neno Lenye Sura Mbili

Mwezi huu tunalo neno la Kiingereza ambalo watoto wanalikuta kwenye vitabu vya shule, na wazee wanalikuta kwenye ubao wa matangazo. Neno lenyewe ni “exploit”. Ukilijua nusu tu, linaweza kukuponza.

Tuanze na sura yake nzuri. Likiwa jina, “exploit” ni tendo kubwa la kushangaza, hasa la ushujaa. Mara nyingi utaliona kwa wingi, “exploits”. Anayesoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 atalikuta katika Danieli sura ya 11. Mwaka 2016, kule Rio de Janeiro, wakimbizi 10 walishiriki Olimpiki katika timu yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Watano kati yao walikuwa wanariadha wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Hizo ndizo “exploits”.

Sasa, limetoka wapi? Mzizi wake ni Kilatini, “explicare”, maana yake kukunjua, kama unavyokunjua mkeka. Wafaransa wa zamani wakapata “esploit”, yaani jambo lililokunjuliwa likaonekana matokeo yake: mafanikio. Waingereza wakalichukua kwao.

Msishangae neno kusafiri hivyo. Tazameni mpaka wa Uganda na Kenya, pale Busia, na Malaba iliyo upande wa Tororo. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka. Kutoka “border” hadi “border”, ndiyo boda boda! Baadaye zikaja pikipiki, na tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha nchi zote mbili, lakini jina limebaki na limeenea Afrika Mashariki. Na kumpakia mtu pamoja na gunia lake, kutwa nzima juani, ili watoto wale, nako ni “exploit”, hata kama hakuna aliyepiga picha.

Haya, sura ya pili. Likiwa kitendo, “to exploit” ni kutumia kitu ili upate faida, kwa mfano kuchimba madini. Hapo si lazima pawe na ubaya. Lakini katika karne ya 19 lilianza kutumika kwa watu pia: kumnyonya mtu, kujinufaisha kwa shida yake. Turudi kwa boda boda. Kijana akiendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea hesabu ya siku waliyokubaliana, hiyo ni biashara. Tajiri akipandisha hesabu kila mara kwa kuwa anajua kijana hana karatasi wala pa kwenda kushtaki, huo ni unyonyaji, “exploitation”.

Sikio nalo litakusaidia. Likiwa jina, mkazo uko mwanzo: EX-ploit. Likiwa kitendo, mkazo uko mwisho: ex-PLOIT.

Kwa nini tunalisema hili? Kwa sababu ubaoni huandikwa “sexual exploitation and abuse”. Mtu aliyejifunza ushujaa tu atapita hapo akidhani ni habari njema. Kumbe ni onyo! Kanuni za Umoja wa Mataifa za Oktoba 2003 zinamkataza mfanyakazi wake kutoa fedha, kazi, bidhaa au msaada ili apewe ngono. Zinakataza pia ngono na mtoto wa chini ya miaka 18, hata kama mkubwa atasema hakujua umri wake. Chakula chako na kadi yako havilipiwi kwa mwili wa mtu. Ukiombwa hivyo, toa taarifa. Aibu ni ya aliyeomba.

Zoezi la nyumbani: someni pamoja sentensi hizi, kisha mseme ipi ina sura gani.

1. “We heard about her exploits.” Tulisikia habari za matendo yake makubwa.
2. “They exploit him because he has no papers.” Wanamnyonya kwa sababu hana karatasi.

Mzazi asiyesoma Kiingereza asione haya kufundishwa na mwanawe. Mtoto asome, mzazi aeleze maisha yalivyo. Tukutane mwezi ujao na neno jingine.