Fanksheni irudishe ukoo mzima, bwana!

Kimya changu msikishangae, ni msimu wa projekti za mwaka wa tatu na huku bwenini hakuna anayelala mapema. Leo nina jambo la kompyuta, ila hata ninyi wa Sosholojia msikimbie, nitajaribu kulimenya.

Kundi letu limegawanyika. Tunajenga mfumo wa kutunza miamala kwenye PostgreSQL. Jedwali la miamala ni kubwa, kwa hiyo tumeligawa kwa mwaka, na kila mwaka tukaugawa kwa mwezi. Sasa tunatakiwa kumpa msimamizi wa mfumo njia ya kulichungulia: lina vipande vingapi, vimepangwaje, vimekula nafasi kiasi gani kwenye diski. Wenzangu wawili wanataka fanksheni tatu fupi, moja itoe idadi, moja itoe kina cha mgawanyo, moja itoe ukubwa. Mimi nasema iwe fanksheni moja tu, irudishe ukoo mzima, mstari mmoja kwa kila jedwali, halafu anayeuliza ajihesabie mwenyewe.

Chukueni hiyo "idadi" wanayoipigania. Tuna miaka mitatu, kila mmoja miezi 12. Je, vipande ni 36? Au 39 ukihesabu na miaka? Au 40 ukimweka na mzee mwenyewe wa juu? Majibu yote matatu ni sahihi, inategemea umeuliza kwa nia gani. Sasa mtunga fanksheni akikuchagulia moja na kukupa namba tupu, utajuaje kachagua ipi? Utafungua kodi yake saa nane za usiku usome.

Kwenye ukubwa ndiyo balaa zaidi. Jedwali mama lililogawanywa halina data hata chembe, data yote iko kwa watoto wa mwisho kabisa. Ulipime kwa pg_relation_size, litakujibu 0 bila aibu, huku wajukuu wamejaza diski.

Hili nililiona kwa macho nilipokuwa fildi, ofisi siitaji. Kulikuwa na fanksheni iliyoachwa na mfanyakazi aliyekwishaondoka. Ilikuwa inasoma pg_inherits, yaani daftari la ndani linaloonyesha nani mtoto wa nani, ila inashuka ngazi moja tu. Mwanzoni ilitosha. Baadaye miezi mipya ikaanza kugawanywa tena kwa kanda, maana yake kila mwezi mpya nao ukawa mama, na mama anapimwa 0. Ripoti ikaonyesha jedwali limeacha kukua. Nani anashtuka akiambiwa nafasi bado ipo? Diski ikajaa mwisho wa mwezi, watu wamepanga foleni dirishani, na ripoti mezani bado inasema mambo shwari. Fanksheni ile ilitoa namba moja tu, hivyo hapakuwa na pa kuona kwamba kuna wajukuu wamerukwa. Ingetoa mistari, hata mhasibu angeuliza mbona miezi hii yote ni sifuri.

Haya si mawazo yangu ya kijiweni tu. Mgawanyo rasmi wa majedwali uliingia PostgreSQL toleo la 10, mwaka 2017, na kwa muda ukitaka kuuona ukoo ulilazimika kuandika mwenyewe ulizo la kujirudia kwa WITH RECURSIVE. Toleo la 12, mwaka 2019, likaleta pg_partition_tree. Unaipa jina la jedwali, inakupa mistari yenye safu nne: jedwali lenyewe, mzazi wake, kama ni jani au bado ana watoto, na ngazi yake. Basi. Haikuhesabii wala haikupimii. Ukitaka ukubwa unaandika SELECT sum(pg_total_relation_size(relid)) FROM pg_partition_tree('miamala'), na ukitaka majani tu unachuja kwa isleaf. Inakubali hata faharasa zilizogawanywa. Wakaongeza na nyingine mbili za kupanda juu: pg_partition_ancestors inakupa wewe na mababu zako wote, pg_partition_root inakutajia mzee wa ukoo.

Ngazi nayo inahesabiwa kuanzia pale ulipouliza. Ukiuliza kuanzia mwaka, mwaka ndio 0 na miezi yake ni 1. Mwenzangu analalamika kwamba hesabu ingeanzia kwa mzee wa juu siku zote. Sikubaliani. Katibu wa kata akiuliza walio chini yake, ananza na mitaa, hahitaji kukumbushwa yuko hatua ngapi kutoka mkoani. Akitaka kujua, mababu wapo wa kuwauliza. (Na msinichanganye na neno shina, kwenye chama shina liko chini kabisa, kwenye kompyuta liko juu. Tulishapoteza nusu saa hapo.)

Kuna kimoja tu nisichokipenda kwao. Ukiipa pg_partition_tree jedwali la kawaida, lisilogawanywa, hairudishi mstari hata mmoja. Kwa hiyo lile ulizo la kujumlisha linakujibu patupu kwa jedwali lenye data tele. Najua utetezi wake: jedwali hilo si sehemu ya ukoo wowote, hivyo hakuna cha kuonyesha. Lakini mtu asiye na watoto bado ni mtu jamani! Ya kwetu itarudisha mstari mmoja, ngazi 0, jani. Hapo hata wale wawili tumekubaliana.

Kura inapigwa Alhamisi jioni, na dokta anataka mchoro Ijumaa asubuhi. Mpaka sasa ni wawili kwa wawili, na wa tano kaenda kwao Morogoro, simu haipatikani. Mwenye hoja ya kunipinga aje chumbani, chai ipo. Sukari aje nayo.