NYANGUMI WATAZAMWE, WASIFUKUZWE

Kila mwaka, upepo wa kusi unapokaza na wavuvi wengi wa vyombo vidogo wanapolazimika kuziacha ngalawa zao ufukweni, wageni wakubwa huingia katika maji ya Afrika Mashariki bila pasi wala tangazo. Hao ni nyangumi wenye nundu. Hutoka katika bahari baridi zinazolizunguka bara la Antaktika, wakafuata njia za Afrika Kusini, Msumbiji na Madagaska, na baadhi yao hufika Mtwara, Mafia, Zanzibar na pwani ya Kenya. Huanza kuonekana kwa wingi mwezi Julai, na ifikapo Oktoba walio wengi huwa wamekwisha geuza safari kurudi kusini.

Katika miaka ya karibuni, kwenda kuwatazama nyangumi hao kumeanza kuwa kazi yenye kipato. Watamu nchini Kenya, na katika baadhi ya sehemu za Zanzibar, mtu huweza kulipa nauli, akapanda mashua asubuhi pamoja na nahodha na mwongozaji, akatoka nje ya mwamba na kusubiri kuona mvuke wa pumzi ukiruka juu ya maji. Jambo hili ni jema. Huwapatia vijana wa pwani ajira isiyohitaji kuua kiumbe, na humpa mwananchi nafasi ya kuona kwa macho yake ajabu ambayo wengi huisoma vitabuni tu.

Lakini jambo jema lisilo na utaratibu huharibika upesi. Kazi hii ikiachiwa mashindano ya kila mwenye injini, itamchosha mnyama yule yule anayeileta riziki. Wakati wa kuweka utaratibu ni sasa, mashua zikiwa bado chache, wala si baada ya umati kuzoea kufanya upendavyo.

Kwanza yafaa ieleweke mnyama huyu ni nani. Nyangumi si samaki. Ni mnyama mwenye damu ya moto, anayevuta pumzi kwa mapafu, anayezaa na kunyonyesha. Asichanganywe na papa potwe, ambaye wakazi wa Mafia wanamfahamu vizuri. Huyo ni samaki, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nyangumi mwenye nundu aliyekomaa huwa na urefu wa kiasi cha mita 12 hadi 16, na uzito wake huweza kufika tani 30 au zaidi. Pamoja na ukubwa huo, chakula chake kikuu huko kusini ni viumbe vidogo vinavyofanana na uduvi.

Chakula hicho hupatikana kwa wingi katika bahari za baridi. Kwa sababu hiyo nyangumi hula sana wakati wa kiangazi cha huko kusini, akajiwekea akiba ya mafuta mwilini, kisha akasafiri maelfu ya kilomita kuja katika maji ya joto kupandana na kuzaa. Muda wote akiwa huku, karibu hali kitu. Mama aliyejifungua humnyonyesha mwanawe kwa akiba ile ile aliyokuja nayo. Mtoto naye, ambaye huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi baada ya mimba ya takriban mwaka mmoja, hana budi kunenepa upesi ili aimudu safari ya kwenda kwenye baridi.

Mtumishi anayeishi kwa mshahara anaelewa vema maana ya akiba inayotumika bila kuongezwa. Kila mara mashua inapomfukuza mama mwenye mtoto, hulazimika kutumia sehemu ya akiba hiyo kwa kukimbia, na mtoto hukatizwa kunyonya na kupumzika. Mashua moja ikimfukuza mara moja, pengine hasara yake ni ndogo. Mashua kumi zikifanya hivyo kila siku kwa muda wa miezi mitatu, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Historia ya mnyama huyu ina fundisho kubwa kuhusu kanuni zisizosimamiwa. Katika karne ya 20, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia kwa ajili ya mafuta na nyama. Mkataba wa kimataifa wa kusimamia uwindaji wa nyangumi ulitiwa sahihi mwaka 1946, na mwaka 1963 nyangumi wenye nundu wa bahari za kusini wakapigwa marufuku kuwindwa. Hata hivyo, baadaye ilikuja kudhihirika kwamba meli za Umoja wa Kisovieti ziliwaua nyangumi hao zaidi ya 48,000 kati ya mwaka 1947 na 1973, ilhali taarifa rasmi zilizopelekwa zilitaja 2,710 tu. Udanganyifu huo ulipata kizuizi pale wachunguzi wa kimataifa walipoanza kupanda melini mwaka 1972. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Ushelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1986. Tangu hapo idadi ya nyangumi wenye nundu imeongezeka sana.

Kwa hiyo nyangumi anayeonekana leo karibu na Pemba au Watamu ni uzao wa wachache waliosalimika. Kanuni ya mwaka 1963 ilikuwa nzuri, lakini iliwaacha wawindaji wajihesabu wenyewe. Kanuni iliyolala katika jalada haimzuii mtu mwenye chusa, wala haitamzuia mtu mwenye injini.

Wala hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa pili. Katika kijiji cha Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakiwindwa ili nyama yao itumike kuwa chambo cha kuvulia papa. Watalii walipoanza kufika katika miaka ya 1990, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai analeta fedha kila siku, na uwindaji ule ukaachwa kufikia mwaka 1996. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na wanakijiji wanastahili sifa. Mwaka 1997 eneo la Ghuba ya Menai likatangazwa kuwa la hifadhi.

Hata hivyo, mashua zilipozidi kuongezeka, jambo jingine lilitokea. Uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashua za watalii zinapowakaribia, pomboo wa huko huacha kupumzika na kucheza wao kwa wao, wakatumia muda mwingi zaidi kusafiri. Chombo kimoja kikiona pomboo, vingine hukimbilia hapo hapo, na wageni hurukia majini mbele ya kundi la wanyama. Chusa limetupwa, lakini usumbufu umebaki.

Ni rahisi kuwalaumu manahodha, na kulaumu huko hakutaondoa tatizo. Chanzo chake ni namna malipo yanavyopatikana. Nahodha anayetoka peke yake, kwa mafuta aliyoyanunua kwa mkopo, akitegemea bakshishi ya mgeni aliyeahidiwa kwamba lazima atamwona nyangumi kwa karibu, atamfukuza nyangumi. Akikaa mbali kwa adabu, jirani yake atapita mbele yake na kuchukua sifa na bakshishi. Mfumo wa namna hiyo humwadhibu mwema na kumtuza mkorofi. Maonyo peke yake hayawezi kuushinda.

Dawa yake ni ushirika wa zamu. Mashua zote za kijiji zinazofanya kazi hii ziandikishwe, zitoke kwa zamu, nauli iwe moja, na malipo ya nahodha na ya mwongozaji yawe yale yale, nyangumi awe ameonekana karibu, ameonekana mbali, au hakuonekana kabisa. Bakshishi nazo zitiwe katika kasha moja na kugawanywa mwisho wa juma mbele ya wote. Hapo nahodha hatakuwa na sababu ya kushindana mbio na mwenzake, na chombo kimoja kikiona nyangumi kitawaita wengine wasubiri zamu yao. Sehemu ya mapato iwekwe wazi kwa ajili ya kijiji, ili hata mvuvi asiye na injini aone faida ya nyangumi kuwa hai, na awe wa kwanza kutoa taarifa anapomkuta amenasa katika jarife.

Kanuni zenyewe za majini si ngeni duniani. Nchini Australia, chombo hakitakiwi kumkaribia nyangumi chini ya mita 100, na vyombo visizidi vitatu kwa wakati mmoja karibu naye. Afrika Kusini, chombo kisicho na kibali cha kazi hii hakiruhusiwi kufika chini ya mita 300. Kwa pwani ya Afrika Mashariki ingefaa yafuatwe haya: chombo kisogee polepole kutoka ubavuni, kisimjie nyangumi kwa mbele wala kumfuata kwa nyuma, kisimame mita 100 na kumwachia yeye hiari ya kusogea, kisipite kamwe kati ya mama na mtoto, kiondoke baada ya nusu saa, na mtu yeyote asiingie majini. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha tangu anapopanda, kwani msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi, na bahari ya kusi haina mzaha.

Wapo watakaosema kwamba mgeni aliyelipa fedha zake ana haki ya kuona kwa karibu. Hoja hii haina nguvu. Mgeni hulipia chombo, mafuta, ujuzi wa nahodha na maelezo ya mwongozaji, hamnunui nyangumi. Haki yake ni kuambiwa ukweli kabla ya kulipa, na ukweli ni kwamba mnyama wa porini hana ratiba. Matangazo yanayoahidi kwa hakika jambo lisilo na hakika ndiyo yanayozaa ugomvi baharini. Isitoshe, mwongozaji hodari ana mengi ya kumwonyesha mtu hata kutoka mita 100: tofauti ya pumzi na wimbi, mgongo unavyojikunja kabla ya kuzama, mkia unavyoinuka, na wimbo wa dume, ambao husikika kwa chombo cha kusikilizia kinachotumbukizwa majini baada ya injini kuzimwa. Mwongozaji asiye na maelezo ndiye anayelazimika kusogea karibu ili kufidia upungufu wake. Kwa hiyo mafunzo ya waongozaji ni sehemu ya ulinzi wa nyangumi.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi wa serikali unapoonekana. Afisa uvuvi, afisa utalii na mlinzi wa hifadhi ya bahari kila mmoja ana kipande chake cha mamlaka, na mara nyingi chombo hupenya katikati ya vipande hivyo. Wakutane kabla ya Julai, wakae na vikundi vya usimamizi wa uvuvi na kamati za wavuvi, wakubaliane kuhusu idadi ya vibali, zamu na adhabu. Kibali kisitolewe kwa kufahamiana. Kikiuka masharti, chombo kisimamishwe, kiwe cha mvuvi maskini au cha mwenye hoteli. Sheria ikimshika mdogo na kumpisha mkubwa, wadogo nao wataidharau, na kwa haki.

Walimu nao wana sehemu yao. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa Mikindani au wa Makunduchi aweza kumaliza shule akimjua simba wa Serengeti, lakini asijue kwamba mnyama mkubwa mara nyingi kuliko tembo hupita mbele ya kijiji chake kila mwaka. Vikundi vya zamu vitenge siku chache za msimu kwa ajili ya wanafunzi kwa nauli wanayoimudu. Na shule isiyoweza kupata chombo isikate tamaa. Mjini Hermanus, Afrika Kusini, watu hutazama nyangumi wakiwa nchi kavu, juu ya majabali, bila kuwasumbua hata kidogo. Katika pwani hii pia, siku ya bahari shwari, mara nyingine mvuke wa nyangumi huonekana kutoka ufukweni. Darasa lenye subira, saa na daftari laweza kuandika tarehe, wakati, mahali, idadi ya wanyama na kama mama alikuwa na mtoto.

Daftari kama hilo ni kazi ya sayansi kamili. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una alama nyeusi na nyeupe zinazotofautiana kwa kila mnyama, mithili ya alama za vidole vya binadamu. Picha ya mkia iliyopigwa Zanzibar huweza kulinganishwa na ile iliyopigwa Msumbiji au Antaktika, na njia ya mnyama mmoja ikajulikana. Kila safari ya watalii ingetakiwa kurudi na kumbukumbu hizo na kuzikabidhi kwa afisa anayehusika. Hapo itawezekana kujua kama nyangumi wanaongezeka au wanaihama sehemu fulani, badala ya kutegemea kumbukumbu za baraza.

Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema. Nyangumi haikuahidi pwani hii kwamba atarudi daima. Huja kwa sababu hapa amepata maji ya joto na utulivu wa kulea. Maji ya joto ni majaliwa ya Mungu. Utulivu uko mikononi mwa watu. Kusi la mwaka ujao litakapoanza kuvuma, orodha ya zamu iwe imekwisha bandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, na kila nahodha awe amekwisha soma jina lake.