Sauti ya paka na sauti ya mtoto



Juma hili tuongee juu ya sauti zetu. Jioni, sikilizeni katika parsele. Mama anamweleza jirani habari za soko kwa sauti yake ya kila siku. Paka akipita karibu na miguu yake, sauti inapanda mara moja, inakuwa nyembamba na tamu: "Weee paka yangu, unasikia njaa? Njoo, njoo." Vifaranga wanapata sauti hiyo hiyo, na mtoto wa mbuzi pia. Hakuna aliyetufundisha. Tukiona kiumbe kidogo kinachotutegemea, sauti inalainika yenyewe.

Ni sauti tunayompa mtoto mchanga, lakini si sawa kabisa. Mwaka 2002, watafiti wa Sydney, Australia, walitangaza kazi waliyofanya na wamama 12. Waliwarekodi wakiongea na watoto wao wachanga, na wanyama wao wa nyumbani, kisha na watu wazima. Kwa mtoto na kwa mnyama, sauti ilipanda na kujaa upendo. Lakini kwa mtoto peke yake, wamama walitamka voyele kwa kuzitenganisha vizuri zaidi. Paka hatasema kamwe, mtoto atasema.

Kwetu sisi walimu jambo hilo lina uzito. Kiswahili kina voyele tano tu, na ndizo zinazobeba neno: pata si pita, na baba si bibi wala bubu. Tunapoandika ma, me, mi, mo, mu kwenye ubao wa darasa la kwanza, mtoto aliyezungumziwa sana nyumbani amekwisha kuzijua kwa masikio. Aliyesikia maneno machache anaanza kupanda mlima kutoka chini.

Hapa ndipo shida ilipo. Mtoto akiacha ziwa na mwingine akizaliwa, sauti tamu inahamia kwa mdogo wake. Yeye anabaki na amri: "Leta maji. Toka hapo. Nyamaza." Siku inaisha, na paka ameambiwa maneno mengi kuliko yeye. Si kwamba mama hampendi. Kazi ni nyingi, na amri ni fupi. Lakini mtoto wa miaka mine anasikia tofauti.

Hatusemi paka anyimwe maneno yake. Mtoto anayesikia mnyama akizungumziwa kwa upole anajifunza kutomtupia mawe. Tunaomba tu mtoto naye apate sehemu yake. Tukichambua maharagi, tumwite kwa jina na kumweleza tunachofanya. Tumwulize ulizo lisilojibiwa kwa ndiyo ama hapana, kisha tungojee jibu, hata likikawia. Tuseme neno zima, polepole: maji yabaki maji.

Na dada mkubwa anayembeba mdogo mgongoni, tumwambie pia. Mtoto yuko naye saa nyingi, na yeye ataongea naye namna sisi tunavyoongea na yeye.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kiulizane: leo tumemwambia nini yule mtoto wa kati, kisichokuwa amri?

Tuwe na juma jema.