Cheka, Lakini Sara Yuko Wapi?

Anayedhani kwamba kuigiza ni kazi ya wavivu na aende Kisii saa tisa alasiri, aingie katika ukumbi ulioezekwa mabati, kisha ajaribu kusema sentensi moja mvua ikiwa imeanza. Huko mvua huja karibu mwaka mzima, kwa sababu ya unyevu wa Ziwa Victoria na vile vilima, na alasiri ndiyo saa yake hasa. Mwigizaji hufungua kinywa, watazamaji wakaona meno tu.

Si ajabu basi kwamba vikundi vya vijana wanaoigiza kwa kupenda tu, kuanzia mji wa Kisii hadi Nyamira, huuchangamkia mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo na ngoma tele. Ngoma hushindana na mabati. Kibwagizo kikiimbwa na watu kumi na wawili humfikia hata yule mwanafunzi aliyebanwa dirishani. Na mlevi akipepesuka, nani ana haja ya kusikia anachosema?

Wengi wa vijana hawa wamemaliza kidato cha nne. Mchana huuza mitumba au huendesha bodaboda, jioni hukutana katika ukumbi wa kuazima. Siku ya kuigiza hujazana ndani ya matatu moja pamoja na ngoma zao na gunia la mavazi, wakateremka mathalan Keroka, mji uliokaa mpakani hata usijue ni kaunti gani iliyotangulia kucheka. Wanafunzi hutoa kiingilio cha shilingi chache, na humo hutoka nauli kabla mwigizaji hajaona chake.

Wasomaji wa makamo watakumbuka Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kawaida waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Nyimbo na ngoma zilikuwa uti wa mgongo wa mchezo ule. Ulianza Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba kibali kilikuwa kimefutwa. Serikali haikuogopa mapambo. Iliogopa maneno yaliyokuwa ndani ya nyimbo zile, maana watu walirudi nazo nyumbani wakiziimba.

Hapo ndipo ninapowauliza vijana wetu: mtazamaji anarudi nyumbani akiimba nini?

Chukua Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege iliyochukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea katika mtihani wa KCSE. Yona ni mlevi, na mlevi jukwaani ni mali. Mpe wimbo, mpe chupa, mpe suruali inayotaka kuanguka, na ukumbi wote utakuwa wako. Lakini Yona wa kitabuni ana jamii inayomsema kwa kukosa mtoto wa kiume, na Sara, mkewe, ni mgonjwa. Wimbo wa chupa ukiimbwa mara nne, Sara hupewa dakika tatu za kukohoa pembeni, basi. Mtoto wa watu amelipa kiingilio, atakwenda kwenye mtihani akiwa na suruali ya Yona kichwani. Wengine hufika mbali zaidi, wakanukuu katika jibu mzaha ambao mwigizaji aliubuni papo hapo, na mwalimu akautafuta kitabuni mpaka macho yakamuuma.

Tena kuna suala la nyimbo za nyumbani. Napenda sana vikundi vinapotia ribina, ile ngoma ya akina mama, au obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito kama ya mzee anayekohoa usingizini. Lakini esimbore? Huo ni wimbo wa kumsindikiza mvulana aliyetoka kutahiriwa, una maneno yake na una siku yake. Wakisii wana chinsoni, yaani taratibu za heshima na haya baina ya wazazi na watoto. Mchekeshaji anayeuchomoa wimbo huo mbele ya baba aliyeketi na bintiye atapata kicheko, naam, ila amekipata kwa bei rahisi mno.

Kikundi kimoja nilichokitazama kikifanya mazoezi kilikuwa kimeutatua mtihani huu bila makeke. Yona aliimba wimbo wake mara moja tu, kwa kasi, na sisi tukacheka mpaka benchi likalia. Baadaye Sara akaurudia wimbo uleule peke yake, polepole, obokano ikimfuata. Mvua ilikuwa imekatika. Hakuna aliyecheka, na msichana aliyekaa mbele yangu akafungua kitabu kutafuta ukurasa.

Kwa hiyo mzazi ukiombwa kiingilio, toa, wala usiseme ni pesa za upuuzi. Mpe mtoto na kitabu aende nacho, na jioni mwulize Sara alikuwa na shida gani. Kitabu kikirudi kimelowa mvua, kianike karibu na jiko.