Mwalimu, Mwandikie Mwanafunzi Wako Barua ya Kweli

Kwa walimu wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari nyumbani Kenya,

Naishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya wengi wameufanya makao.

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa vijana nisiowajua. Wamepata namba yangu kwa shangazi, kwa mchungaji au kwa jirani wa zamani. Swali lao ni moja: nimepata A, nifanyeje niingie chuo kikubwa cha sayansi Marekani? Wengi hutaja MIT, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, iliyo mwendo mfupi wa treni kutoka hapa. Wanafunzi hao nawajibu mmoja mmoja. Leo nawaandikia nyinyi walimu, kwa kuwa sehemu ya ombi inayowaangusha wengi wao haimo mikononi mwao. Imo mikononi mwenu.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 watu zaidi ya 28,000 waliomba nafasi MIT. Waliokubaliwa hawakufika 1,300. Wanafunzi wanaotoka nje ya Marekani ni kama asilimia 10 tu ya wanaosomea shahada ya kwanza pale, na nafasi hizo chache zinagombaniwa na vijana wa dunia nzima, wakiwemo waliopata medali katika olimpiadi za hisabati. Chuo kinadai mtihani wa SAT au ACT, na wengi wanaokubaliwa wana alama kati ya 780 na 800 katika hisabati ya SAT, ambapo 800 ndiyo kikomo. Maana yake ni kwamba alama za juu ni sharti la kuingia kwenye mizani, wala hazimtofautishi mtu na mwenzake. A ya KCSE inamfanya mtoto wenu asomwe kwa makini. Baada ya hapo wasomaji wa maombi wanataka kujua jambo ambalo cheti hakisemi: mtoto huyu hufikiri vipi pale jibu linapokosekana kitabuni?

Anayeweza kulijibu swali hilo ni aliyemwona akifikiri, na huyo ni wewe, mwalimu.

MIT huomba barua mbili za walimu. Moja hutoka kwa mwalimu wa hisabati au sayansi, na nyingine kwa mwalimu wa lugha, fasihi au masomo ya jamii. Mwalimu wa Kiswahili au wa historia anafaa kabisa kuandika hiyo ya pili, na asidhani kwamba chuo cha teknolojia hakimhitaji. Wanafunzi wa pale, hata wa fizikia, hawahitimu bila kusoma masomo manane ya fasihi, sanaa na jamii. Pamoja na barua hizo, shule hutuma ripoti na alama za mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe huandika majibu mafupi ya maswali kadhaa na kutaja shughuli nne tu zenye uzito kwake. Nne tu, kwa hiyo rundo la vyeti vya makongamano halimsaidii.

Walimu kadhaa wamewahi kunitumia rasimu za barua zao, majina yakiwa yamefichwa, wakitaka ushauri. Nyingi zinafanana: mwanafunzi ana nidhamu, ni mtiifu, anatia bidii, alikuwa kiranja wa bweni, anashika nafasi ya kwanza au ya pili, nampendekeza bila kusita. Hakuna uongo hapo, na nyumbani barua kama hiyo ni sifa kubwa. Lakini msomaji aliye na maelfu ya maombi mezani hapati mtu ndani yake. Ukibadilisha jina, barua ile ile inamfaa kila kiongozi wa darasa kutoka Kisumu hadi Mombasa.

Sasa tuseme unafundisha fizikia, na darasa linafanya jaribio la pendulamu. Wanafunzi wote wamepima urefu wa uzi kutoka ndoanoni hadi juu ya gololi. Wanapochora grafu ya mraba wa muda wa mbembeo dhidi ya urefu, mstari haupiti kwenye sifuri. Wengi wanapika data, wanazisogeza nukta mpaka mstari upite mahali kitabu kinaposema upite. Msichana mmoja anaziacha nukta zake zilivyo. Kesho yake anakuja kukwambia kwamba urefu ulipaswa kupimwa hadi katikati ya gololi, na kwamba mteremko wa grafu haukuharibika kwa sababu kila kipimo kilipungua kwa kiasi kile kile, yaani nusu kipenyo cha gololi. Kwa hiyo thamani ya g aliyoipata ni sahihi ingawa vipimo vyake vyote ni pungufu.

Mwalimu, hiyo ndiyo barua. Aya moja kama hiyo ina nguvu kuliko kurasa mbili za sifa. Inaonyesha uaminifu wake kwa data, udadisi wake, na uwezo wake wa kuifuata hitilafu mpaka chanzo. Huna haja ya kuongeza kwamba ana akili, maana msomaji ameshaiona kwa macho yake.

MIT yenyewe huwaeleza walimu mambo inayotaka kusikia. Inauliza umemjua mwanafunzi katika mazingira gani. Inauliza kinachomsukuma na kumsisimua, kama anathubutu kwenda mbali kuliko yale ya darasani, anavyohusiana na walimu na wenzake, alivyojibeba alipokabiliwa na kushindwa, na ni jambo gani utalikumbuka zaidi kumhusu. Chukueni maswali hayo, na kila moja lijibiwe kwa tukio lililotokea kweli.

Msiogope kueleza hali ya shule. Kama maabara ina vifaa vya kundi moja na madarasa yanapokezana, andikeni hivyo. Kama mwalimu wa kemia alihamishwa na nafasi yake ikakaa wazi, andikeni. Kama kalkulasi inayofundishwa kidato cha nne inaishia kwenye misingi ya kutofautisha na kuunganisha, na kijana akaendelea peke yake kwa masomo ya bure ambayo MIT imeyaweka kwenye intaneti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hilo ni jambo kubwa na lazima lijulikane. Wasomaji hupima alichofanya mtoto kwa kulinganisha na alichopewa. Mkinyamaza kuhusu alichopewa, mnamnyima haki yake.

Yapo mawili ninayowasihi myaepuke. La kwanza ni kumwambia mwanafunzi ajiandikie barua nawe utie sahihi. Najua mzigo wenu, na najua kwamba desturi hiyo imeenea. Lakini ni udanganyifu, na pia mtoto wa miaka kumi na saba hawezi kujiona kama unavyomwona wewe. La pili ni kumkuza kuliko alivyo. Ukisema kila mwaka kwamba huyu ndiye bora uliyewahi kufundisha, neno lako litapoteza uzito, na mwanafunzi wako wa miaka ijayo ndiye atakayeumia.

Kuna pia suala la kalenda. Siku ya mwisho ya maombi ya kawaida ya MIT huwa mwanzoni mwa Januari, na majibu hutolewa Machi 14. Mtahiniwa wa KCSE yuko ndani ya mitihani mwezi Novemba, kisha shule zinafungwa na walimu wanatawanyika makwao au kwenda kusahihisha. Bwenini hana simu wala kompyuta. Basi shule ipange mambo mapema: SAT ifanywe kabla ya muhula wa tatu kubana, walimu wawili wajulikane kufikia katikati ya mwaka, na barua ziandikwe kabla ya shule kufungwa. Mwalimu hutumiwa kiungo kwa barua pepe naye hupakia barua mwenyewe, kwa hiyo mpeni mwanafunzi anwani mnayoifungua kila siku.

Wazazi watawauliza kuhusu fedha, na ni vizuri mwe na jibu. Gharama ya mwaka mmoja MIT inazidi dola 80,000, na mzazi akisikia hivyo anafunga mjadala. Mwambieni asubiri. MIT haiangalii uwezo wa familia inapoamua nani aingie, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na ikimkubali humpa msaada unaoziba pengo lote la mahitaji yake. Tangu mwaka wa masomo ulioanza 2025, familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka, na mali ya kawaida, haitarajiwi kulipa chochote. MIT pia haitoi upendeleo kwa watoto wa waliosoma pale. Ada ya kuomba huondolewa kwa asiyeimudu. Wakala anayedai maelfu ya shilingi ili "amtengenezee nafasi" mtoto hana nafasi ya kuuza. Ushauri wa bure upo katika ofisi ya EducationUSA jijini Nairobi.

Mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya ilipeleka vijana 81 Marekani. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye alisafiri, akaenda kusomea baiolojia huko Kansas. Siku hizo kikwazo kilikuwa nauli, na watu wakachanga. Leo vipo vyuo vilivyo tayari kulipa karo, chakula na malazi. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kueleza kwa ukweli mtoto huyu ni nani.

Hata hivyo, waambieni ukweli wote. Wengi watakaoomba watakataliwa, wakiwemo wanaostahili. Kwa hiyo waombe vyuo kadhaa, na wasiidharau nafasi ya uhandisi au hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT, kwa kuwa mwenye bidii hutokea huko akasomea shahada ya pili popote duniani. Barua nzuri mliyoiandika haitapotea pia. Itafaa kwa ombi lingine na kwa ufadhili mwingine.

Ombi langu ni hili. Mwaka 2027 ndio wa KCSE ya mwisho, na walimu wa mtaala mpya wa umilisi tayari wanatakiwa kufuatilia miradi ya wanafunzi na ukuaji wao. Msingoje mabadiliko hayo yawakute. Wiki hii nunueni daftari moja. Kila mnapomwona mwanafunzi akiuliza swali lililowashangaza, akikataa kupika data, au akimfundisha mwenzake hadi akaelewa, andikeni tarehe, jina na kilichotokea, mistari mitatu tu. Anzeni na walio kidato cha tatu. Siku mtoto atakapogonga mlango wa ofisi akiomba barua, mtakuwa na la kusema, na mkilisema kwa ukweli atakuwa amepata shahidi anayemstahili.

Wenu katika elimu,
Mkenya aliyeko Lowell, Massachusetts