Ukitaka shangingi Karatu, shika boneti kwanza

Kama uko Dar unakula foleni ya Ubungo, pole sana. Leo nakupandisha juu, Karatu, mji ambao mtoto wa darasa la pili anaitambua Land Cruiser kwa mlio kabla haijatokea konani. Usicheke. Kaa pale barabarani saa kumi na moja jioni, magari ya watalii yanapomiminika kutoka kreta ya Ngorongoro, uhesabu mpaka uchoke. Yote yana rangi moja, nayo si ya kiwandani, ni ya vumbi.

Sasa mtu aliyekulia mji wa namna hiyo akipata mshiko, unadhani atataka kagari ka kubebea mayai? Anataka shangingi. Neno hilo mjini lina maana mbili, na zote mbili zimeshafilisi wanaume wazima. Mimi leo nazungumzia lile la magurudumu manne.

Baba yangu mdogo analima vitunguu Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Msimu huu vitunguu vilimkubali. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si unaandika magazetini? Njoo basi tutafute gari ya familia." Kwake yeye mtu anayeandika gazetini anajua kila kitu hadi giaboksi. Nikapanda Noah kutoka Arusha, tumebanana utadhani tumepangwa kwenye tenga, na njia nzima najiuliza mzee ana kiasi gani.

Ana milioni 70. Lakini ebwana, sikiliza vizuri: ndani ya hizo 70 kuna za mbegu, mbolea na vibarua wa msimu unaokuja. Hela ni ile ile moja. Gari likimeza zote, mwakani tutakuwa na shangingi limepaki uani na shamba limeota magugu.

Na kwa nini asinunue Noah yake, mambo yakaisha? Familia ni watu wanane: yeye, mama mdogo, watoto watano na bibi. Kwa viti Noah inatosha. Ila masika ya Mang'ola hayaangalii viti, yanaangalia tope. Halafu kijijini gari haliwi la familia moja. Mama akishikwa uchungu saa nane za usiku, mlango utakaogongwa ni wa mwenye gari, na utaamka utake usitake. Tena kuna suala la kreta yenyewe. Kushuka chini Ngorongoro ni magari ya fowili peke yake. Ukija na Noah mnaishia juu ukingoni, mnachungulia bonde lililo mita 600 chini yenu. Binti yake mkubwa, aliyechaguliwa kidato cha tano, amewapungia mkono watalii tangu ananyonya kidole, na kule chini hajawahi kufika. Baba mdogo alisema maneno yaliyonikaa: "Vitunguu vyangu vinaingia hadi jikoni kwenye maloji kule juu. Lakini mwanangu faru amemwona kwenye noti ya elfu tano tu."

Basi tukaanza kutafuta.

Wa kwanza kutufikia alikuwa dalali wa Arusha, kijana mtanashati, picha zimejaa kwenye simu. Ana Land Cruiser 200, nyeusi tii, V8 ya petroli, namba D. Hili ni lile toleo lililoanza 2007 likaishia 2021, lilipoingia 300. (Na hii 300 haina V8 kabisa, ni V6, wanaotesa nayo huwa hawapendi kukumbushwa.) Sina ugomvi na V8. Kwa kuuza sura Njiro wikiendi, hakuna mpinzani. Lakini akataja milioni 130, kisha akashusha sauti: "Kwa ajili ya mzee, tutazungumza." Baba mdogo akaitazama ile picha kama anatazama harusi ya mtu mwingine. Mama mdogo akauliza swali moja tu: "Na ikizimika Mang'ola?" Dalali akacheka. Jibu hakutoa. Gari lile mambo yake mengi yanaongozwa na kompyuta. Taa ya injini ikiwaka huko porini, fundi wa nyundo na spana atakusaidia kusali. Itabidi livutwe mpaka Arusha, kilomita 140 na ushee kutoka Karatu tu, bado hujahesabu za kutoka Mang'ola.

Wa pili ndiye mwenye stori. Huyu ana mkonga, gari la zamani la watalii. Kwa msiolijua, ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, lina bomba la hewa limepanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Mafundi wa Arusha hulikata katikati, wakalirefusha, wakaweka viti saba na paa la kuinuka ili mgeni asimame kupiga picha simba. Chini ya boneti ni injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Toyota waliianza 1990 na mafundi wa Karatu wanaifungua wakiwa wanapiga soga. Kwa karatasi ndiyo gari ya familia ya watu wanane tuliyokuwa tunaiota. Bei: milioni 68. Baba mdogo macho yakaanza kung'aa, na mimi nikaanza kuogopa.

Nikamuuliza swali ambalo kila mnunuzi wa gari la utalii anatakiwa kulianza: kwa nini mtu auze Julai, msimu umepamba moto? Angalia hesabu. Mwaka 2019 wageni waliokuja Tanzania walikuwa kama milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wakashuka hadi kama 620,000. Kipindi kile magari mazuri kabisa yalipigwa bei kwa sababu ya njaa tu. Mwenye gari hana mgeni na benki inamgongea. Aliyekuwa na hela siku zile aliokota dhahabu. Lakini mwaka 2024 wageni wakavuka milioni 2. Mwenye mkonga mzima siku kama hizo hauzi, anakodisha kila wiki. Anayeuza Julai huwa na sababu, na sababu hiyo mara nyingi iko chini ya gari.

Muuzaji akatuambia tuje saa nne asubuhi. Tukafika saa kumi na mbili na nusu, mimi, baba mdogo na fundi wetu, mzee mmoja wa Kiiraqw asiyependa maneno. Julai ya Karatu si mchezo: ukungu mpaka magotini, watu wamejifunga mashuka kama wanakwenda kusini kwa Mandela. Fundi hakusalimia gari kwa macho. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ile, boneti inachoma kama kikaango cha chapati. "Nimetoka kuweka mafuta sasa hivi, dogo," muuzaji ananiambia mimi, wakati sijauliza. Kituo cha mafuta kiko jirani kiasi kwamba unakiona.

Dizeli iliyochoka haipendi kuwaka asubuhi ya baridi. Ndiyo maana mjanja anaipasha moto kabla hujafika, ukija inawaka kwa sekunde moja nawe unachanua tabasamu. Fundi akasema zima, tunasubiri. Tukakaa tukanywa chai ya maziwa na maandazi mpaka saa tano. Muuzaji akawa anapokea simu ambazo naapa hazikulia.

Ilipopoa, ikawaka kwa mbinde, ikatoa moshi mweupe uliogoma kuisha, na nyuma yake ukaja wa bluu. Nakupa darasa la bure hapa: moshi mweusi kidogo ukikanyaga mafuta, hiyo pengine ni nozeli au pampu, inatengenezeka. Wa bluu ni oili inaungua ndani, andaa hela ya kufungua injini. Mweupe unaong'ang'ania hata gari likishapata moto, muulize fundi kuhusu gasketi na usikubali jibu la muuzaji.

Mita ilionyesha kilomita 140,000. Fundi akanionyesha pedali ya klachi: raba imelika mpaka chuma kinang'aa. Gari la utalii likitoka Arusha likaenda Serengeti likazunguka na wageni siku tano, kilomita 800 haziponi. Piga hesabu ya miaka kumi na kitu, kisha uitazame ile mita tena. Halafu akaingia chini na tochi. Kule walikorefusha chasisi kulikuwa na welding mbili, moja ya zamani imetulia, nyingine mpya imepakwa rangi nyeusi ya haraka haraka. Barabara ya vumbi ya kwenda Serengeti ina mawimbi yanayotingisha gari mpaka meno. Chuma kilichokatwa na kuungwa ndicho kinachosema kwanza. Na huko chini kreta kuna Ziwa Magadi, tope lake la chumvi chumvi lisipooshwa linakula vyuma taratibu. Fundi akagonga pembeni ya chasisi kwa bisibisi, likadondoka ganda la kutu kubwa kama kifuniko cha soda. Hakusema kitu. Aliliokota akampa baba mdogo.

Na hata lingekuwa zima, kulikuwa na mtego mwingine kwenye kadi. Namba zake zilikuwa nyeupe, za biashara, siyo za njano za mtu binafsi. Hilo lenyewe linabadilishika. Lakini sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inawapa wenye leseni ya utalii msamaha wa ushuru kwa magari yaliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Msamaha ni wa kwao, siyo wako mlima vitunguu. Gari likiingia kwa mtindo huo, siku linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha kodi inaamka. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata elfu kumi ya kishika uchumba, nenda TRA na nakala ya kadi uulize gari liliingiaje. Na ukiwa hapo hapo angalia namba yake kwenye mtandao wa polisi kama ina madeni ya faini za trafiki. Deni lina tabia ya kuhamia na gari. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu msamaha, akasema kadi iko kwa mwanasheria, mwanasheria yuko Moshi, na Moshi kuna msiba.

Tukaondoka.

Wapo mtakaosema si mngeagiza Japani mkamaliza mashaka? Jamani. TRA hawakadirii kwa risiti yako, wana jedwali lao la thamani. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, unaongezewa mwingine kama gari ni kuukuu, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya huo mlima wote. Land Cruiser inayoweza kuishi Mang'ola bila kompyuta ni ya zamani kwa umri, kwa hiyo unalipa pia kwa uzee wake. Bora utafute iliyokwisha kulipiwa na mtu mwingine, ikazeeka hapa hapa.

Na hapo fundi ndipo alipofungua mdomo. Kuna toleo linaitwa 105, lilitengenezwa kati ya 1998 na 2007. Ukiliona ni kama lile la VX 100, lakini mbele lina ekseli nzima kama 80 ya zamani, na ndani ipo 1HZ ile ile. Halina mashauzi, viti vingi ni vya kitambaa, mashirika na miradi walipenda kuyanunua. Kasoro yake moja mkae mkijua: halina tabo, na hewa ya juu ni nyepesi. Kutoka Mto wa Mbu, kama mita 1,000 hivi, mpaka ukingo wa kreta uliopita mita 2,200, litapanda kwa heshima zote za kizee, na Noah za abiria zitakupita zikikupigia honi. Mlima huo huo ndio wa kulijaribia. Muuzaji atataka mtembee kwenye lami tambarare ya mjini. Mwambie mpandishe kutoka Mto wa Mbu mpaka Rhotia, jicho lako liwe kwenye mshale wa joto, kisha mteremke kwa gia bila kukanyaga breki ovyo. Likikohoa, litakohoa hapo.

Jioni ile baba mdogo alimhesabia mama mdogo hela ya mbegu, mbolea na vibarua, akamwambia azifiche hata yeye asijue ziliko. Zimebaki milioni 52. Fundi amesikia kuna 105 inauzwa Mbulu, namba B, mwenyewe anataka 55. Tunakwenda Jumamosi, na mama mdogo amesema safari hii naye yumo. Muuzaji ameambiwa tutafika saa nne. Tutalala Mbulu Ijumaa.